Sumu ameiweka nani?

Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufariki katika baadhi ya vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Miaka michache baadaye nilisimama chini ya mbuyu katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chemba, kipaza sauti mkononi, nikifundisha habari hiyohiyo. Kazi yangu ni mawasiliano: nawafundisha maafisa ugani na wahudumu wa afya namna ya kuzungumza na wananchi. Siku hiyo nilikuwa nazungumza mwenyewe.

Nilieleza kwamba sumukuvu hutengenezwa na fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga, kwamba haina ladha wala harufu, kwamba kuupika ugali hakuiondoi, na kwamba mahindi yasianikwe chini kwenye udongo. Nikamaliza kwa swali letu la siku zote: "Mmeelewa?" Mkutano mzima ukaitikia, "Ndiyooo!"

Watu walipoanza kutawanyika, bibi mmoja akanisogelea. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akaniuliza taratibu: "Mjukuu wangu, hiyo sumu ameiweka nani?"

Swali hilo nimelibeba mpaka darasani, na ndilo ninaloanzia kila ninapofundisha misingi ya mawasiliano.

Vitabu vingi huanzia kwa Claude Shannon, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za kampuni ya simu ya Bell. Mwaka 1948 alichapisha mchoro ambao kila mwanafunzi wa fani hii ameuchora: chanzo cha ujumbe, kipeleka ishara, njia, kipokezi, mlengwa, na kelele zinazoingilia katikati. Ni mchoro mzuri. Lakini Shannon alikuwa akitatua tatizo la simu, na aliandika waziwazi kwamba maana ya ujumbe haihusiki na tatizo hilo la kihandisi. Sisi walimu tuliuchukua mchoro, tukauhamishia kwa binadamu, na lile onyo tukaliacha.

Kelele za aina ya Shannon zilikuwepo siku ile. Mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma jirani, na ule upepo wetu wa kiangazi ulikuwa unapiga kwenye kipaza sauti. Hizo zina dawa: subiri mashine izimwe, geuza mgongo upepo ukupige nyuma. Kelele iliyoniangusha haikuwa na sauti. Ilikuwa ndani ya neno.

Kwa bibi yule sumu ni ya panya, au ya wadudu ghalani, au ile anayotiliwa mtu kwenye pombe na mbaya wake. Sumu zote hizo zina mkono wa mtu. Ukungu nao anaujua tangu utotoni: unapembua, unaosha, unasaga. Ofisini kwetu "sumukuvu" ni neno moja. Yeye alisikia mawili, sumu na kuvu, na lililomshtua likalimeza la pili. Ndiyo maana akatafuta mhusika. Hakukosea hata kidogo. Alifasiri kwa akili timamu kile nilichompa.

Wilbur Schramm, msomi wa mawasiliano, alilieleza jambo hili mwaka 1954 kwa kuchora duara mbili zinazopishana, kila moja ikiwa ni uzoefu wa mtu mmoja. Maana hupatikana pale zinapopishana tu. Mimi nilikuwa nazungumza kutoka upande wa duara langu ambao bibi hakuwahi kuukanyaga.

Na ile "ndiyooo"? Wengi huiita mrejesho. Naipinga hoja hiyo kwa nguvu zangu zote. Mrejesho ni taarifa inayomrudia msemaji na kumwezesha kurekebisha anachosema. "Ndiyo" ya mkutanoni haikuwezeshi kurekebisha chochote. Ni heshima kwa mgeni, na jua lilikuwa kali. Tena tuliiomba wenyewe kabla hatujafungua mdomo: sisi tulikaa kwenye viti vya plastiki kivulini, wao wakakaa chini, wengine juani. Mwanasaikolojia Paul Watzlawick na wenzake waliandika mwaka 1967 kwamba mtu hawezi kutowasiliana. Viti vile vilisema nani anajua na nani anafundishwa, na vilieleweka kuliko hotuba yangu.

Hapa niseme kidogo kuhusu ile "asilimia 93 ya mawasiliano si maneno" inayorudiwa kwenye semina. Imetokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, yaliyotumia neno mojamoja na kupima hisia tu. Haihusu kueleza kilimo wala dozi ya dawa. Bibi aliponzwa na neno, si na uso wangu.

Nchi hii iliwahi kufanya vizuri zaidi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitumia redio, lakini haikuishia redioni. Karibu watu milioni 2 walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili, wakaamua la kufanya kijijini kwao. Majadiliano yalikuwa ndiyo kazi yenyewe. Leo gari la matangazo linapita mara moja, vumbi likitulia tunaandika ripoti kwamba wananchi wamefikiwa.

Nilirudi Chemba na chupa kavu ya kioo, chumvi kavu na mahindi. Tulikaa wote kwenye mikeka. Ukitikisa mahindi na chumvi ndani ya chupa, chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, hayafai kuhifadhiwa. Neno sumu sikulitanguliza; nilianza na ukungu wanaoujua, kisha nikasema ukungu huu wenyewe huzaa sumu, hata ukiukung'uta inabaki. Sikuuliza kama wameelewa. Nilimwomba bibi yuleyule awaeleze jirani zake kwa Kirangi, kama ambavyo angemweleza mkwe wake nyumbani.

Alieleza kwa muda mrefu kuliko mimi, akitikisa chupa. Mama mmoja akamkatiza, wakabishana, kisha wote wakanigeukia. Bibi akatafsiri: "Wanasema chini hawataanika tena. Sasa hilo turubai mnatupa ninyi, au tunauza mahindi kwanza ndipo tulinunue?"

Sikuwa na jibu. Niliandika swali hilo kwenye daftari kama alivyolitamka, na Jumatatu nilikwenda nalo wilayani.