Klaunifishi hahitaji anemoni ndo aishi

Kuna kitu watu wanaambiana kila siku, eti ukinunua klaunifishi, yule samaki mdogo wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, lazima ununue na anemoni (kiumbe cha baharini kama ua, chenye mikono inayowasha) la sivyo atakufa kwa stresi. Si kweli jamani. Baharini anajificha kwenye ile mikono inayowasha kwa sababu kuna samaki wakubwa wanamwinda, sasa kwenye tanki lako la lita 80 nani atamla? Na hawa waliozalishwa kwenye matangi wengi hawajawahi hata kuiona anemoni toka watotolewe. Wangu wawili wamejichagulia kona nyuma ya hita, usiku wanajilaza ubavu pale wanatikisa mapezi taratibu, mara ya kwanza nilidhani wanakufa kumbe ndo usingizi wao.

Anemoni yenyewe ndo mtihani, inataka taa kali na tanki lililokaa miezi mingi, afu inatembea, ikivutwa na pampu inachanika, maji yote yanachafuka na samaki wanaweza kufa. Hiyo hela nunua kipima chumvi na kipima amonia (ile sumu inayotokana na uchafu wa tanki), tanki jipya liache wiki kadhaa mpaka amonia isome sifuri, hapo ndo ulete samaki.