Bonsai Hii Ina Miaka Mingapi? Dhana Potofu Kuhusu Umri wa Miti ya Chunguni

Mgeni akiingia uani kwangu, kabla hata hajauliza mti wenyewe ni wa aina gani, huuliza: "Huu una miaka mingapi?" Nafuga bonsai, yaani miti inayokuzwa chunguni na kupogolewa ibaki midogo: mikwaju, mibuyu na fikasi (miti ya jamii ya mkuyu), tangu mwaka 2009, na swali hilo ndilo linalonifikirisha kuliko yote. Watu hutafuta jibu lake kwenye unene wa shina. Mimi nimejifunza kulitafuta kwa watu walioutunza mti: mdomoni mwao, au kwenye daftari waliloliacha.

"Shina nene, basi ni mzee"

Dhana hii ndiyo inayowatoa watu pesa nyingi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Unene wa shina unafuata wingi wa majani. Mti uliopandwa ardhini na kuachwa utoe matawi marefu hunenepa upesi. Mwenzake aliye chunguni, anayepogolewa matawi na kupunguzwa mizizi kila baada ya miaka michache, huongeza unene kidogo mno. Wenye vitalu vya bonsai wanalijua hilo. Mche huuweka ardhini kwanza, wakaacha tawi moja au mawili ya chini yakimbie yatakavyo, maana kazi ya matawi hayo ni kunenepesha shina tu. Shina likishafika wanapotaka, matawi yale hukatwa, kovu likafunga, na mti ukahamia chunguni na sura ya babu. Kumbe hata miaka kumi na mitano haujamaliza.

Njia nyingine ni kuunganisha miche. Fikasi ni hodari kwa hili: vishina viwili vikibanwa pamoja, magome hushikana na kuwa kitu kimoja. Niliwahi kununua fikasi kwa muuzaji aliyeniapia kwamba ina miaka 80. Shina lake halikuenea kwenye viganja vyangu viwili. Siku nilipoitoa chunguni kubadilisha udongo, nikawa naosha mizizi kwa mpira wa maji, pale chini kabisa vikatokeza vishina saba vyembamba, vimesimama bega kwa bega. Katikati yao, imemezwa nusu na gome, kulikuwa na kamba ya nailoni ya bluu, ile ya kufungia magunia, na fundo lake bado limekaza. Mti bado ninao, una afya na majani yake yanang'aa. Lakini nililipia miaka sitini na zaidi ambayo haijawahi kuwepo, na iliniuma.

Zile fikasi zenye mizizi iliyovimba kama mihogo, zinazouzwa kwenye vyungu vya kung'aa, nazo ni vijana. Uvimbe ule ni tabia ya ukuaji wake, na hupatikana ndani ya miaka michache.

Hata porini unene hudanganya. Mbuyu wa Panke nchini Zimbabwe, uliokufa kati ya 2010 na 2011, ulipimwa kwa kaboni ukakutwa na miaka ipatayo 2,450. Mbuyu wa Sunland huko Limpopo, Afrika Kusini, ulikuwa mnene kuliko huo, kiasi kwamba ndani ya uwazi wake palifunguliwa baa. Vipimo viliupa miaka elfu moja na kidogo. Basi kama mbuyu unaokua bila kuguswa na mkasi haupimiki kwa kamba ya fundi cherehani, sembuse mti ambao mtu ameushikia mkasi maisha yake yote?

"Si uhesabu tu pete za ndani?"

Kuzihesabu kunataka ulikate shina au ulitoboe. Wataalamu wa misitu wana kekee maalumu inayotoa kijiti chembamba na kuacha tundu la nusu sentimita hivi. Kwa msonobari wa msituni hilo ni jeraha dogo. Kwa shina la chunguni, ambalo uzuri wake wote uko kwenye gome linalotazamwa kwa karibu, ni uharibifu. Tena bonsai nyingi kuukuu zina uwazi ndani. Miaka ya kwanza ya mti iko kwenye moyo wa shina, na moyo ukishaoza, hesabu imeondoka nao. Pete za miaka ya chunguni nazo huwa zimebanana hata jicho halizitenganishi.

Kwetu kuna jambo la ziada. Pete hujiandika pale mti unaposimama kukua kisha ukaanza tena. Japani baridi husimamisha miti kila mwaka, kwa hiyo pete moja ni mwaka mmoja. Pwani yetu tuna masika na vuli. Mti unaweza kusimama mara mbili kwa mwaka, na palipo na maji ya kutosha unaweza usisimame kabisa. Anayekuhesabia pete za fikasi ya Tanga na kukutajia mwaka, muulize amejuaje.

"Maabara haikosei"

Kipimo cha kaboni hutazama kaboni-14, aina ya kaboni ambayo mti huifyonza kutoka hewani na ambayo hupungua polepole mbao ikizeeka. Ni kizuri sana kwa mbao za kale kama zile za Panke. Shida ni kwamba kati ya miaka ya 1650 na 1950 kiasi cha kaboni-14 hewani kilipanda na kushuka kwa namna ambayo jibu moja la maabara linaweza kuangukia vipindi kadhaa, vingine vimeachana kwa zaidi ya karne. Na humo ndimo unamoangukia umri unaotajwa kwa bonsai nyingi maarufu.

Penye nguvu ya kipimo hiki ni upande wa pili. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza mno kaboni-14 hewani, kwa hiyo mbao iliyoota baada ya hapo hujulikana kwa tofauti ya miaka michache tu. Kwa maneno mengine, maabara inaweza kukuambia kwa uhakika kwamba mti unaoitwa wa karne moja ni wa juzi, lakini ni vigumu ikuthibitishie kwamba una miaka 200 na si 300.

"Mbao nyeupe iliyokauka ni alama ya uzee"

Inaweza kuwa. Inaweza pia kuwa kazi ya mchana mmoja: mtu amebandua gome kwa kisu, akachonga, akapaka dawa ya chokaa na salfa inayoipausha mbao na kuikinga na uozo. Wajapani wana jina la ujanja mkubwa zaidi, pale mche mchanga unapopachikwa kwenye mfereji uliochongwa katika shina lililokufa zamani, mpaka vionekane mti mmoja. Huuita tanuki, jina la mnyama anayesifika katika hadithi zao kwa kujigeuza sura na kuwahadaa watu. Ukiipeleka maabara mbao ile kavu, utapewa umri wa marehemu.

Gome nalo litazame kwa tahadhari. Magamba mazito ya msonobari kwa kawaida ni kazi ya miongo, ila kuna aina zinazotoa gome nene la kukwaruza zingali changa.

"Umri wa bonsai ni mmoja"

Ni miwili. Kuna miaka ya mti, na kuna miaka ya mti kuwa chunguni. Wajapani wana desturi ya kuchukua milimani miti iliyodumazwa na upepo na mawe, wanaiita yamadori. Mitarakwa iliyotolewa kwenye majabali ya Itoigawa inasifika sana kati yao. Mti wa namna hiyo huenda ulikuwa tayari na karne kadhaa siku uliposhushwa, na chungu kikaujua jana. Muuzaji akikutajia namba, muulize ni ya umri upi.

Mfano ninaoupenda ni msonobari wa familia ya Yamaki. Mwaka 1976 Japani iliipa Marekani bonsai 53 kwa ajili ya miaka 200 ya uhuru wake, na Masaru Yamaki wa Hiroshima alitoa mmoja. Umekaa Washington tangu hapo, na maelezo yake yanasema umetunzwa chunguni tangu 1625. Mwaka 2001 wajukuu wawili wa Yamaki walifika kuutazama mti wa babu yao, wakawasimulia watunzaji kwamba tarehe 6 Agosti 1945 ulikuwa kwenye kitalu cha familia, nyuma ya ukuta, kama kilomita tatu kutoka bomu la atomiki lilipolipukia. Robo karne ulikuwa umemwagiliwa maji pale Washington, na kisa hicho kikawa hakijulikani. Hakuna kekee ambayo ingekitoa ndani ya shina. Kimeletwa na vijana wawili waliokuja kumzuru babu yao kwa njia ya mti.

Bibi yangu kule Pangani alikuwa na namna hiyo hiyo ya kupima. Nikimuuliza umri wa mbuyu ulio nyuma ya nyumba alinijibu: "Mjukuu wangu, mimi niliukuta, na mama yangu aliukuta ukiwa hivyo hivyo, watu wakijificha hapo wakati wa vita vya Mjerumani." Jibu hilo halikunipa namba, lakini lilinipa mpaka ambao umri wa mti hauwezi kushuka chini yake, na kila neno lake lilikuwa na mtu nyuma yake.

Kwa hiyo ukiletewa bonsai kubwa inayodaiwa kuwa ya kale, uliza nani alikuwa nayo kabla, ilitoka kwenye mbegu, kipande cha tawi au msituni, na iliingia chunguni lini. Omba picha za zamani, hasa yenye kitu kando unachojua ukubwa wake, kama tofali au mtoto. Chungua usawa wa udongo, maana makovu makubwa na maungio hujificha huko.

Mkwaju wangu wa kwanza una ukurasa wake kwenye daftari: mbegu, Pangani, Aprili 2009, ardhini hadi 2014, chunguni tangu hapo, umebadilishwa udongo mara nne. Chini ya jina langu nimeandika kwa penseli jina la mpwa wangu, anayekuja kila Jumamosi kuumwagilia.