Nyuma ya kisiki si mahali salama

Popote panapovunwa mipaini, iwe Sao Hill, shamba la miti la serikali kule Mufindi, au kwenye shamba la mtu binafsi Njombe, kuna somo la kurithishana: mti ukianza kulala, rudi nyuma moja kwa moja, kwa kuwa wenyewe unaenda mbele. Linaingia akilini. Lakini si sahihi.

Mti hauanguki kama mlango unaofungwa. Matawi yakigonga mti mwingine, au kilele kikitua kwenye mwinuko, shina linaweza kuruka juu ya kisiki na kurudi nyuma kwa kasi, palepale aliposimama mkataji. Mti ulioinama sana unaweza pia kupasuka wima, kipande kikafyatuka kinyumenyume. Kofia ngumu haizuii gogo.

Njia ya kukimbilia ni ya mshazari: nyuma na pembeni, kama nyuzi 45 kutoka mstari wa anguko. Ifyekwe kabla ya kuwasha chenso, yaani msumeno wa injini (nani hukimbia vizuri kwenye miiba?). Halafu, kati ya mikato miwili, wa mbele upande wa anguko na wa nyuma, huachwa ukanda wa mbao usiokatwa, takriban sehemu ya kumi ya kipenyo cha shina. Huo ndio usukani. Ukiumaliza, mti unajichagulia pa kwenda.

Wenzako je? Mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani wa 1998 unataka wakae mbali angalau urefu wa miti miwili. Mti wa mita 25, basi mita 50, hata kwa kijana anayebeba mafuta.