Rufaa ya polisi kwa mhanga wa uhalifu ni nini?

Mtu aliyefanyiwa uhalifu akifika kituoni, polisi wana kazi mbili. Ya kwanza tunaijua sote: kuchukua maelezo, kutoa namba ya RB (kumbukumbu ya taarifa iliyoandikwa kituoni), kumsaka mtuhumiwa. Ya pili ni kumfikisha mhanga kwa watu wanaoweza kumtibu, kumpa ushauri nasaha, kumhifadhi au kumsaidia kisheria. Hiyo ya pili ndiyo inayoitwa rufaa. Polisi wanamkabidhi mhanga kwa mtoa huduma mwingine, kwa ridhaa yake, huku upelelezi ukibaki mikononi mwao.

Kumwambia mama wa watu "nenda hospitali" kisha ukamgeukia mteja anayefuata si rufaa. Rufaa iliyokamilika ina mahali panapojulikana, karatasi anayoibeba mhanga, na askari anayefuatilia kujua kama alifika na alihudumiwa.

Tanzania, karatasi hiyo mara nyingi ni PF3, yaani fomu namba 3 ya polisi. Askari hujaza sehemu yake, mhanga huipeleka hospitali, daktari huandika alichokikuta mwilini, kisha fomu hurudi polisi. Kesi ikifika mahakamani inaweza kupokewa kama kielelezo, na mshtakiwa ana haki ya kutaka daktari aliyeijaza aitwe ahojiwe. Hutolewa bure; anayeombwa "hela ya karatasi" anaibiwa mara ya pili.

Kwa kuwa PF3 ni rufaa na ushahidi kwa wakati mmoja, wengi wameigeuza kibali cha matibabu, wakiwemo baadhi ya wahudumu wa afya. Majeruhi anavuja damu, anaulizwa fomu iko wapi. Fomu inaweza kuletwa baadaye na ndugu au askari, damu iliyomwagika hairudi.

Kwa aliyebakwa, saa zinahesabika kabisa. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na hutumiwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina kikomo cha saa 120. Askari anayemwambia binti arudi Jumatatu kwa kuwa mkuu wa dawati la jinsia hayupo, anaweza kuwa amemfungia mlango wa matibabu bila hata kujua. Na kabla ya kwenda hospitali mhanga asioge, wala asifue nguo alizokuwa amevaa. Zikivuliwa zifungwe kwenye karatasi, si mfuko wa nailoni, maana unyevu huharibu sampuli ambazo huenda zikahitajika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa vinasaba.

Kwa kesi za aina hii polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, ambako mhanga anapaswa kusikilizwa faraghani, si kaunta mbele ya foleni. Dawati likifanya kazi vizuri, linamwunganisha na ofisa ustawi wa jamii, wasaidizi wa kisheria, na nyumba salama pale ambapo kurudi nyumbani ni hatari. Baadhi ya hospitali, kama Amana jijini Dar es Salaam na Mnazi Mmoja kule Zanzibar, zina kituo cha mkono kwa mkono: daktari, askari, mshauri na ofisa ustawi wako sehemu moja, na mhanga hasimulii yaliyompata mara nne kwa watu wanne. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika mfumo huu.

Ridhaa nayo si mapambo. Mtu mzima anaweza kukubali matibabu akakataa ushauri nasaha, na hapaswi kulazimishwa. Kwa mtoto mambo ni tofauti. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za haki za mtoto kuvunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na simu namba 116 hupokea taarifa hizo bure. Hapa ndipo rufaa hukatikia njiani mara nyingi: wazee wanakaa, fidia inatajwa, "tumeyamaliza kifamilia". Ofisa ustawi anapaswa kuwa ameshaingia kabla kikao hicho hakijaitishwa.

Kenya wana fomu yao ya P3, na mwaka 2014 walitunga sheria mahsusi ya kuwalinda wahanga wa uhalifu wa kila aina. Kwetu wajibu huu umetawanyika katika sheria na miongozo mbalimbali, na umejengwa zaidi kwa ajili ya ukatili wa kijinsia na watoto. Mwenye duka aliyefungwa kamba usiku na majambazi, ambaye sasa hapati usingizi, kwa kawaida huondoka kituoni na namba ya RB tu.