Mafuta vuguvugu hayatibu mlio wa sikio
Kisumu na Nakuru bado wapo wanaoamini kwamba sikio likivuma, dawa ni matone ya mafuta vuguvugu. Mafuta hulainisha nta, basi. Ambaye sikio lake linavuma baada ya kutibiwa kwa mionzi uvimbe wa neva ya kusikia (mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo) ana tatizo ndani zaidi, nyuma ya ngoma ya sikio, ambako tone halifiki. Ngoma ikiwa imetoboka, mafuta yanaweza kuleta maambukizi.

Mionzi hulenga kuzuia uvimbe usikue. Hairudishi usikivu, na usikivu unaweza kuendelea kufifia kwa miaka. Ndiyo maana kipimo cha usikivu hurudiwa. Ubongo ukikosa sauti huwa mwepesi zaidi wa kuhisi, na kimya huufanya mlio usikike sana. Basi usilale kwenye kimya kabisa: washa feni, au redio yenye sauti ya chini kidogo kuliko mlio wenyewe. Ndani ya matatu, keti watu wawe upande wa sikio zima, na tafadhali lilinde dhidi ya kelele za spika. Sikio lenye tatizo lisiposikia kabisa, kipo kifaa kinachonasa sauti upande huo na kuipeleka upande wa sikio zima.

Usikivu ukiporomoka ghafla, nenda hospitalini siku hiyohiyo. Dawa za steroidi zina nafasi zaidi ya kusaidia zikianzwa mapema.