Takwimu za ngazi nyingi: baharia, chombo na nahodha

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Sokoni Lamu jambo hilo hujulikana kwa pua: waliolala tenga moja huharibiana. Basi ukitaka kujua hali ya samaki wa soko zima, ukachagua kumi wa tenga moja, usijihesabie umepima mara kumi. Hapo ndipo zinapoanzia takwimu za ngazi nyingi, yaani njia ya kuchanganua data za watu waliomo ndani ya makundi: wafanyakazi katika idara, walimu katika shule, mabaharia katika chombo.

Tuseme mtafiti anauliza ni nini kinachomfanya baharia wa Lamu abaki na chombo chake. Amepata vyombo 20, kila kimoja kina mabaharia 10, na kila mmoja amejaza hojaji kuhusu kuridhika na kazi. Mkononi ana watu 200. Lakini wale 10 wa chombo kimoja wana nahodha mmoja, hugawana pato kwa desturi moja, hula chungu kimoja, na kusi ikichafua bahari wote hushinda pwani mikono mitupu. Majibu yao yatafanana hata kama hawakuambizana neno.

Mfanano huo hupimika. Chukua tofauti zote zilizomo katika majibu ya wale 200, kisha uliza: sehemu gani inatokana na chombo kutofautiana na chombo, na gani ni ya mtu na mwenzake wa chombo hichohicho? Ile sehemu ya kwanza ikiwa 0, kuwa chombo kimoja hakubadili kitu. Ikikaribia 1, ukimsikia mmoja umewasikia wote. Tuseme hapa ni 0.2. Zidisha kwa 9, yaani watu wa chombo ukimtoa mmoja, upate 1.8, ongeza 1, iwe 2.8. Gawa 200 kwa 2.8: unabaki na 71 hivi. Katika kukadiria wastani, watu wako 200 wana uzito wa watu 71 wasiohusiana. Asiyelijua hili atatangaza kwa uhakika jambo ambalo data zake haziwezi kulibeba. Kosa hili linaniuma kuliko mengine, kwa kuwa msomaji hana njia ya kuliona. Yeye huonyeshwa 200 tu.

Je, si rahisi kuchukua wastani wa kila chombo, tukalinganisha vyombo 20? Mwaka 1950 mwanasosiolojia wa Marekani W. S. Robinson alionyesha hatari yake kwa data za sensa ya nchi hiyo ya 1930. Ukilinganisha majimbo, penye wazaliwa wa nje wengi ndipo palipoelekea kuwa na wasiojua kusoma na kuandika wachache. Uhusiano, kwa kipimo cha kutoka -1 hadi 1, ulikuwa -0.53. Ukitazama mtu mmoja mmoja, ishara inageuka na kuwa 0.12: mzaliwa wa nje ndiye aliyeelekea, kwa kiasi kidogo, kutojua kusoma. Wahamiaji walikuwa wamekaa zaidi katika majimbo ambayo wenyeji wake walisoma. Vivyo hivyo, chombo chenye wazee wengi kikiwa na utulivu, haimaanishi kwamba mzee ndiye aliyetulia.

Takwimu za ngazi nyingi hukokotoa ngazi zote mbili kwa pamoja. Kwa baharia huingia umri, miaka baharini, fungu analopata. Kwa chombo huingia mwenendo wa nahodha, kazi ya chombo, jinsi pato linavyogawanywa. Kila chombo huruhusiwa kuwa na mstari wake: kianzio chake, yaani kiwango unapoanzia, na hata mwelekeo wake, yaani jinsi unavyopanda au kushuka, na huu mwelekeo ndio utamu wenyewe. Pengine kwa nahodha anayesikiliza, kila mwaka humzidishia baharia mapenzi ya kazi. Kwa nahodha wa makaripio, miaka ileile humzidishia hamu ya kushuka. Ukivichora vyombo vyote kwa mstari mmoja, uzoefu utaonekana hauna athari, kumbe zipo mbili zinazofutana.

Chombo chenye mabaharia 3 tu nacho hakiachwi kipige kelele sawa na chenye 10. Wastani wake huvutwa kuelekea wastani wa wote, kwa sababu ushahidi wake ni mchache.

Njia hii lakini haiumbi data isiyokuwepo. Ukiwa na vyombo 5, una manahodha 5, na lolote utakalosema kuhusu unahodha limesimama juu ya watu hao 5, hata ukimhoji kila baharia wao. Nauli ya boti kwenda Faza na Kizingitini kutafuta vyombo vipya itakufaa zaidi kuliko siku nyingine nzima gatini Lamu ukiongeza watu wa vyombo vilevile.