Piritoni haikufikishi London ukiwa umelala vizuri

Jetini Lamu, tukisubiri boti ya kumvusha shangazi kwenda uwanja wa ndege wa Manda, alinifungulia pindo la leso. Vidonge viwili. "Piritoni hizi, mwanangu. Nikitoka Nairobi nazimeza, nikifumbua macho niko London."

Wengi mtaani huamini hivyo. Ni kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo yenye madhara. Piritoni ni dawa ya mzio. Usingizi ni athari yake ya pembeni tu. Hulaza mtu kama gunia: hajigeuzi, hainuki. Na damu ya miguuni hupandishwa na misuli ya mashavu ya miguu inapokazana na kulegea. Isipofanya kazi, damu hutuama, miguu huvimba. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kuwa safari ya saa 4 au zaidi huongeza takriban maradufu hatari ya damu kuganda mishipani, ingawa hatari yenyewe ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Nairobi hadi London ni zaidi ya saa 8.

Tena dawa hiyo hukausha mdomo, na hewa ya ndegeni ni kavu tayari, si kama hii yetu ya Lamu. Mtu mzima anaweza kuamka kichwa kizito, akapepesuka.

Vidonge nikavichukua. Leso nikaikunja mara nne, nikamwonyesha pa kuiweka: nyuma ya kiuno, si shingoni. Mkanda afunge juu ya blanketi, wahudumu wasimwamshe kuukagua. Anywe maji, na akiamka, ainuke.

"Na choo je?" akauliza.

Ndiyo sababu nzuri ya kuinuka, shangazi.